Adui Anayejulikana

Shangazi yangu wa Mohoro, Rufiji, hasuki mkeka bila kutazama kitu, wala hatazami kitu bila kusuka mkeka. Ukili unakaa mapajani, macho yanakaa kwenye televisheni ndogo inayotumia umeme wa sola, na vidole vinajiendea vyenyewe. Kwa hiyo usiku ule vidole vilipotulia, sote tuliokuwa barazani tulijua kuwa limetokea jambo.

Tulikuwa tukitazama The Penthouse, sizoni ya Kikorea iliyoanza kurushwa na kituo cha SBS Oktoba 2020. Nilikuja nayo kwenye flashi kutoka Dar es Salaam ikiwa imeshatafsiriwa kwa Kiswahili, na televisheni ilikuwa imegeuziwa mlangoni ili majirani nao wapate. Ndani yake yumo mama mmoja, Oh Yoon-hee. Usichanani alikuwa na sauti ya kuimba, na mwenzake mwenye mali akaiua sauti hiyo kwa kumkata koo na kikombe cha mashindano. Sasa ni mtu mzima, hana kitu, anamlea binti yake peke yake, na binti naye ana sauti, anataka kuingia katika shule ya sanaa wanakosoma watoto wa matajiri. Shangazi alikuwa upande wa mama huyu tangu mwanzo. Alimwombea dua kwa sauti, kama anavyomwombea mtu wa kwao. Kisha ikabainika kwamba yatima aliyesukumwa kutoka ghorofani mwanzoni mwa hadithi, yule tuliyekuwa tukimtafutia muuaji usiku baada ya usiku miongoni mwa matajiri, alisukumwa na huyu huyu mama wetu, na kwa kifo chake binti akapata nafasi ya shule.

Pakawa na kelele. Jirani mmoja akasema, "Zimeni, simtaki tena." Binamu yangu, dereva wa bodaboda, akasema kwa hasira kwamba hajawahi kuona steringi anayeua mtoto. Shangazi ndiye aliyewanyamazisha.

"Tulieni," alisema. "Mwacheni tumwone."

Nimekaa na maneno hayo mawili tangu siku ile. Yananieleza habari za sizoni hizi na watu wanaozipenda kuliko mawaidha mengi niliyoyasikia juu yake.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuliigawa dunia ya filamu mafungu mawili: steringi na adui. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha namna hiyo Mohoro, makuti juu, maturubai pembeni, mabenchi ya mbao za mwembe, jenereta nje ikinguruma kiasi kwamba ilibidi sauti ya spika iwekwe mpaka mwisho. Sheria ya kwanza ya kibandani ilikuwa kwamba steringi hafi. Sheria ya pili ni kwamba adui hujulikana anapoingia tu, na kama hukumjua, mtafsiri atakwambia. Kanda za Lufufu zilitufikia hata kule. Lufufu ni jina la sanaa la Derek Gaspar Mukandala, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili Dar es Salaam, na wasimulizi wa aina yake hawakuwa wakalimani wa maneno tu. Walituonya. Mtu alipotabasamu kwenye skrini, sauti ilitwambia tusidanganyike na tabasamu lile. Tulikuwa salama mikononi mwa sauti hiyo.

Hata Jumong, ile ya vipindi 81 ambayo MBC ya Korea Kusini iliirusha kuanzia 2006 hadi 2007, haikuivunja sheria. Mwana wa mfalme anadharauliwa, anajikaza, anaanzisha dola. Kaka yake Daeso anamchukia toka mwanzo. Kila mtu alijua apige makofi wakati gani. Walioivunja ni waliokuja baadaye, na nimesikiliza kwa makini jinsi watafsiri wetu wanavyohangaika nao. Mmoja, katika sizoni niliyoitazama mwaka jana, alianza kwa kumwita mhusika mkuu "steringi wetu", katikati akamwita "huyu jamaa", na kufikia mwisho akawa anamtaja kwa jina lake tu. Nilipenda uaminifu wa mtafsiri yule. Lugha ya kibandani haikuwa na neno la mtu kama huyo, na yeye hakulilazimisha.

Wakorea wenyewe walilipitia jambo hili kabla yetu. Mwaka 2009 MBC ilirusha Queen Seondeok, hadithi ya malkia wa kwanza wa Silla. Steringi alikuwa Deokman, binti wa mfalme. Adui alikuwa Mishil, mwanamke wa ikulu aliyeishika nchi mkononi bila kuwa na nasaba ya kumkalisha kwenye kiti. Aliigizwa na Go Hyun-jung, na watazamaji wakamgeukia yeye. Tuzo kubwa ya maigizo ya MBC mwaka ule haikwenda kwa malkia, ilikwenda kwa Mishil. Ukimtazama anavyokufa utaelewa. Amezingirwa, lakini lipo jeshi la mpakani lililo tayari kuja kumwokoa. Analirudisha, kwa sababu likiondoka mpakani maadui wa nje wataingia. Kisha anakunywa sumu akiwa ameketi kitini. Mwanamke aliyewadhulumu watu kwa vipindi karibu 50 anafikia njia moja asiyokubali kuipita, na hapo ndipo tunamwona ni nani.

Mwaka 2014 tuzo hiyo hiyo iliachiwa watazamaji wapige kura wenyewe. Walimpa Lee Yu-ri, aliyeigiza Yeon Min-jung katika Jang Bo-ri is Here!, msichana anayemkana mama aliyemzaa na kumtupa mtoto aliyemzaa. Mwandishi wa mchezo ule, Kim Soon-ok, ndiye aliyekuja kuandika The Penthouse, na Kim So-yeon, aliyeigiza humo mwanamke mkatili kupita wote, Cheon Seo-jin, yule tajiri aliyemkata koo Oh Yoon-hee, alichukua tuzo ya Baeksang ya mwigizaji bora wa kike wa televisheni mwaka 2021. Sina shaka kwamba aliipata kwa ajili ya usiku ule wa mvua anapomwacha baba yake akifa kwenye ngazi, kisha anakwenda kuketi mbele ya piano na kupiga kama aliyepagawa.

Watu walilalamika pia, tena kwa haki. Malalamiko yalifika kwenye chombo kinachosimamia utangazaji Korea Kusini, na baadhi ya vipindi vya The Penthouse vikawekewa alama ya kutotazamwa na walio chini ya miaka 19. Waliolalamika hawakuuzuia umma: kiwango cha watazamaji kilikaribia asilimia 30.

Kwetu malalamiko husemwa namna nyingine. Nimeyasikia msikitini, nimeyasikia kwenye kikao cha wazazi: sizoni zinawaharibu vijana, zinawafundisha kumpenda muuaji, zinawafanya waone dhambi ni ushujaa. Wanaosema hivyo ni watu ninaowaheshimu, baadhi wamenilea. Lakini nadhani hawajakaa kwenye kijiwe cha bodaboda cha Mohoro siku Vincenzo ilipofika kipindi cha mwisho.

Vincenzo ni ya 2021, ya kituo cha tvN, vipindi 20, na steringi wake, Song Joong-ki, ni mwanasheria wa genge la mafia la Italia, mwenye asili ya Korea. Anakuja Seoul kwa ajili ya dhahabu iliyofichwa chini ya jengo la zamani liitwalo Geumga Plaza. Ndani ya jengo wamo wapangaji wadogo: dobi, mpishi, mwalimu wa ngoma, watawa wa Kibudha na hekalu lao. Kampuni kubwa ya Babel inataka kuwatoa na kulibomoa. Inaye hakimu, inaye mwendesha mashitaka, inalo gazeti. Vincenzo anaingia vitani kwa ajili ya dhahabu yake, na polepole anajikuta amesimama upande wa dobi na mpishi. Hasemi hata mara moja kwamba yeye ni mtu mwema. Anasema yeye ni mwovu na anaijua kazi yake.

Vijana wa kijiweni walimpenda mno, na sikuhitaji kuwauliza sababu. Mtu wa Rufiji anajua maana ya kuambiwa hapa si pako tena. Amehamishwa na mto, ambao Aprili 2024 ulifurika ukaingia mpaka vitandani Mohoro, na kabla ya hapo alishahamishwa na serikali, tangu Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960 iliyowatoa wazee wetu bondeni na kuwapandisha kwenye vijiji vya juu. Walirudi kwa miguu kulima mpunga, wakalala kwenye madungu yao mashambani kufukuza nguruwe na ndege. Kijana aliyekulia kwenye masimulizi hayo anapomwona mtu mmoja akiwatetemesha wenye tingatinga, atapiga kelele za furaha. Nami nilipiga.

Ila kipindi cha mwisho kilipokwisha, kijiwe kiligawanyika. Vincenzo anamchoma moto mwanasheria wa Babel akiwa hai, na mkuu wa kampuni anamfunga mbele ya mtambo unaomchimba kifua taratibu, kidogo kidogo, ili afe akijua anakufa. Mmoja alisema walistahili. Mwingine alisema walistahili kufa, hawakustahili kufa vile. Binamu yangu alisema, "Mimi pale nilitoka nje nikavuta hewa." Wakabishana mpaka adhana ya magharibi, kuhusu kuua, kuhusu kutesa, kuhusu hakimu aliyenunuliwa, kuhusu mtu kuchukua kazi ya Mungu mikononi mwake. Hakuna aliyesema Vincenzo ni mtu mwema. Hakuna pia aliyesema ni bora asingemjua. Shule gani ingewakalisha vijana kumi wa bodaboda saa mbili nzima wakijadili adhabu ya haki?

Naomba sasa niseme jambo ambalo kwetu husemwa kwa sauti ya chini.

Mwaka 2016 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu waliuawa kwa risasi, wengi wao usiku, majumbani mwao au njiani. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, askari. Jioni ya 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa pamoja eneo la Mkengeni, Kibiti. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Kibanda cha mjomba kikawa kinafungwa kabla ya magharibi, kisha kikafungwa moja kwa moja. Operesheni za dola zikaja, na zipo familia zinazowangoja ndugu zao mpaka leo. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji hayo akiwa Kibiti, alichukuliwa tarehe 21 Novemba 2017 na watu waliofika kwa gari, na hajaonekana tena. Katika miaka ile jina lililotumika nchi nzima kwa wanaotenda mambo ya namna hii lilikuwa moja tu: watu wasiojulikana.

Nani anaweza kulala vizuri na jina hilo? Asiyejulikana hana uso, hana mama, hana sababu. Anaweza kuwa aliyekuuzia kambale asubuhi, au aliyesimama nyuma yako kwenye safu msikitini. Shangazi yangu, ambaye nyumba yake haijawahi kufungwa mchana tangu nimjue, aliacha kuitikia hodi. Alijifunza kunyamaza na kusubiri mpaka mtu ataje jina la baba yake. Majirani wa miaka 30 walianza kusalimiana wakitazamana mikono. Wale waliouawa tuliwazika kwa majina yao. Waliowaua hatukuwahi kupewa hata jina la kumlaani mtu.

Hapo ndipo ninapoyaelewa maneno ya shangazi. Oh Yoon-hee ameua mtoto, lakini tunamjua. Tunajua alivyokatwa koo, tunajua deni alilonalo, tunajua kwamba usiku ule alikuwa amelewa, tumeuona uso wake kabla na tunauona baada. Mishil tunajua alitaka nini na kwa nini hakuweza kukipata. Vincenzo tunajua alivyoachwa na mama yake angali mtoto. Kwa watu walioishi chini ya kivuli cha uovu usio na jina, kukaa usiku mzima mbele ya uovu wenye jina, wenye utoto, wenye chumba cha kulala na hofu zake, ni kitu kikubwa. Wanaodhani watazamaji wa Mohoro wanamsamehe adui hawajawasikiliza. Wanamjua, na kwao kumjua ni haki waliyonyimwa. Shangazi hakumsamehe Oh Yoon-hee. Kila mama yule alipotokea baada ya usiku ule, shangazi alikuwa akilitaja jina la yule yatima, Min Seol-a, analitamka kwa Kirufiji chake, mara moja tu, kisha anaendelea kusuka.

Mohoro inayo sababu ya zamani zaidi ya kutaka kumwona mtu kabla ya kumhukumu. Hapa, tarehe 4 Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Mohoro ilikuwa kituo chao cha utawala, na machoni pao huyu alikuwa mchawi mchochezi, mtu wa kumaliza kwa kamba asubuhi moja ili mambo yaishe. Hayakuisha. Pamba ya Wajerumani ilikuwa imeshang'olewa huko Nandete, na vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote mpaka 1907, na waliokufa, wengi kwa njaa, wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Maji hayakuzuia risasi. Mtu anaweza kuitazama hesabu hiyo na kusema Kinjikitile ndiye adui: aliwapa watu neno, nao wakafa nalo. Mtu anaweza kuitazama nchi tuliyonayo na kusema ndiye steringi.

Ebrahim Hussein, mwana wa Kilwa, jirani zetu wa kusini, hakukubali kuchagua kwa haraka. Katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alimweka mtu huyu jukwaani akiwa na shaka. Neno limemjia akiwa amepagawa, na alipozinduka akagundua limebeba ahadi ya kuwaweka watu chini ya Seyyid Said, bwana mwingine badala ya bwana huyu, na hajui tena limetoka kwa nani. Limeshatoka mdomoni na limekua kumshinda. Mwisho Mjerumani anamtaka aseme maji ni uongo ili aokoke, naye anakataa, kwa ajili ya watoto watakaoambiwa kesho kwamba baba zao walikosea kupigana. Niliisoma sekondari na sikulala. Nilikuwa nimepita mahali wanapopaonyesha watu wa Mohoro kuwa ndipo aliponyongwa mara nyingi nikienda dukani, na hakuna siku niliyofikiri kwamba mtu yule aliogopa.

Wakorea nao wana kidonda cha namna hii. MBC ilipotengeneza Empress Ki, iliyorushwa 2013 hadi 2014, wengi walikasirika kabla hata kipindi cha kwanza hakijatoka. Katika historia yao, Ki ni mwanamke wa Goryeo aliyechukuliwa kama kodi kupelekwa kwa Wamongoli, akapanda mpaka akawa malkia wao, na ndugu zake nyumbani wakautumia ukubwa wake kuwaonea watu. Mfalme Gongmin wa Goryeo alimuua kaka wa Ki mwaka 1356, na mwaka 1364 majeshi ya Wamongoli yakatumwa dhidi ya nchi aliyozaliwa Ki. Mchezo ulimfanya steringi. Mfalme mmoja wa kweli mwenye sifa mbaya aliyekuwa atokee kama mpenzi wake ilibidi abadilishwe na mfalme wa kubuni. Naungana na waliokasirika. Ukimwosha mwovu mpaka akawa mweupe, umemficha kama walivyomficha waliomchora mweusi mtupu. Hussein hakumwosha Kinjeketile.

Linaloniumiza ni kwamba baada ya Hussein, wanaotuandikia michezo ya redio na televisheni wameogopa. Wanatuogopa sisi. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza Twende na Wakati, mchezo uliotungwa kwa mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico, ambayo hupanga wahusika mafungu: wema wa kuigwa, wabaya wa kuepukwa, na walio katikati wanaobadilika. Mbaya wetu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake, mume wa Tunu. Mchezo ulifanya kazi nzuri na siipuuzi. Dodoma haikurushiwa miaka miwili ya mwanzo ili watafiti walinganishe, na matokeo yalionyesha kwamba waliosikiliza walibadilika zaidi katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na UKIMWI. Watu wako hai leo kwa ajili ya mchezo ule. Lakini mimi nakumbuka marehemu bibi yangu alivyokuwa akiisogeza redio sikioni Mkwaju anapoingia. Alimlaani, akamcheka, akamsikitikia. Siku ambazo Mkwaju hakutokea, aliona mchezo umepooza. Alitaka kujua zaidi kuhusu mtu yule kuliko mchezo ulivyoruhusiwa kumwambia, kwa sababu Mkwaju alijengwa awe onyo. Dereva wa lori anayelala njiani miezi, anaogopa nini? Anamkumbuka nani akiwa Tunduma peke yake usiku?

Onyo lile lilikuwa na sababu yake, maradhi yalikuwa yanaua. Baada yake tumebaki na desturi bila sababu. Wabaya wa tamthilia zetu nyingi ni mama mkwe anayebinua midomo, mganga mwenye macho mekundu, tajiri anayecheka peke yake. Wanaingia na muziki wao ili tusikosee. Shangazi yangu, aliyenusurika mafuriko na risasi na kulea watoto wa marehemu wawili, anatafuniwa chakula kama mtoto na watunzi wa nchi yake, halafu tunashangaa anapowapenda wa Seoul wanaomwachia atafune mwenyewe.

Nataka kuona hadithi ya akida. Wajerumani hawakukusanya kodi peke yao. Walikuwa na watu wa pwani, wanaozungumza lugha yetu, waliojua kusoma, waliosimamia mashamba ya pamba kwa kiboko na jioni wakaswali. Mtu kama huyo alikuwa baba wa mtu. Nipeni vipindi 20 naye. Nataka pia, na najua ninachokisema ni kizito, hadithi ya kijana wa delta ya Rufiji aliyeondoka kwao mwaka 2015 au 2016 na kurudi akiwa na bunduki. Si kwa ajili ya kumtetea. Mama yake alimpikia nini siku aliyoondoka? Nani alizungumza naye, akamwambia nini, na alikuwa amekosa nini hata maneno yale yakampata? Na nataka hadithi ya aliyegonga mlango wa mtu usiku akiwa anatumikia serikali, mtu huyo hakurudi, na aliyegonga akaenda nyumbani kwake akawakuta wanawe wamelala. Watunzi wataniambia hadithi hizo haziwezi kupita. Huenda. Lakini watazamaji wake wapo tayari, wanasuka ukili barazani, na wamezoezwa na mabingwa.

Kuhusu watoto wadogo sina ubishi na wazee wangu. Alama ile ya miaka 19 haionekani kwenye flashi, na mtafsiri haitaji. Usiku ule sisi tuliwapeleka wadogo kulala kabla ya kuanza, na baadaye nikaona kidole cha mguu kimechungulia chini ya pazia. Mtoto wa miaka 8 hana cha kushindana na uzuri wa Song Joong-ki ndani ya suti. Atauona uzuri na kisu kwa pamoja, akadhani ni kitu kimoja. Wamiliki wa vibanda wanapaswa kuwarudisha watoto mlangoni, kama mjomba alivyokuwa akifanya, kwa ukali, hata walipokuwa na shilingi 200 mkononi.

Niliondoka Mohoro alfajiri ya Jumatatu. Betri ya sola ilikuwa imekata usiku katikati ya kipindi, Cheon Seo-jin akiwa amefungua mdomo kuimba, na hatukuweza kuimaliza sizoni ya pili. Niliiacha flashi kwenye kikapu cha ukili. Basi lilikuwa limeshavuka Daraja la Mkapa pale Ikwiriri, mto umetulia chini, aliponipigia.

"Umefika wapi?"

"Ndiyo tumevuka mto, shangazi."

"Haya. Ukija tena usisahau ile ya tatu. Nataka kuuona mwisho wake."

Nikamwuliza mwisho wa nani, wa yule mama au wa yule tajiri. Akakaa kimya kidogo. Nilisikia mlango ukigongwa kwake, na sauti ya mtoto ikisema hodi.

"Karibu," akamjibu, kisha akarudi kwangu. "Wa wote wawili."